Paswadi ya iTax ni yako: Mchague mhasibu kama unavyomchagua mshirika wa biashara

KILA mwaka Juni inapokaribia kwisha, saiba za Nairobi, Nakuru, Eldoret na Mombasa hufurika. Vijana wenye vibanda vya simu, saluni, vinyozi, maduka ya mtumba na biashara za Instagram hupanga foleni wakiwa na kitambulisho mkononi. Msee wa saiba anauliza PIN na paswadi, anabonyeza mara kadhaa, anachapisha karatasi, unalipa mia mbili au mia tatu, unaenda zako. Ukiulizwa mhasibu wako ni nani, unamtaja huyo.

Sina nia ya kumdharau mtu wa saiba. Anafanya kazi halali na wengi wetu ametuokoa siku ya mwisho. Lakini kuchapisha karatasi ni kazi moja na kutunza hesabu za biashara ni kazi nyingine. Vijana wengi wenye biashara wanachagua mtu wa kuwashughulikia ushuru kwa haraka kuliko wanavyochagua kava ya simu, na gharama yake huonekana baadaye, wakati pesa zimeshazama.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ripoti ya 2016 ya shirika la takwimu nchini, KNBS, ilionyesha kwamba biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano iliyotangulia. Siwezi kusema zote ziliangushwa na hesabu mbovu. Ila muulize yeyote aliyefunga duka faida yake ya mwezi ilikuwa ngapi. Wengi watakutajia mauzo. Mauzo si faida.

Zamani ungeweza kuponea. Ulikuwa unauza kwa pesa taslimu, risiti ni ya kitabu cha Sh50, na serikali haikuona kitu. Siku hizi mambo ni tofauti. Kuanzia Januari 1, 2024, gharama nyingi za biashara zisizo na ankara ya eTIMS hazikubaliki mtu anapopiga hesabu ya ushuru wake. Ndiyo maana hoteli, shule au duka kubwa linalonunua kwako linakuitisha ankara hiyo. Ukiitoa, KRA imeshaona kwamba umeuza.

Sasa fikiria Juni inafika na mtu anakujazia sufuri kwenye ritani, kumaanisha mwaka mzima hukupata hata shilingi. Mfumo mmoja wa KRA unasema uliuza, mwingine unasema hukuuza, na yote miwili imebeba PIN yako. Mwenye saiba hayumo kabisa katika hadithi hiyo.

Hapo ndipo wengi huteleza. Kisheria, mtu akikujazia ritani vibaya, anayedaiwa ni wewe. Huwezi kujitetea ati "alijaza mtu wangu". Mtu binafsi akichelewesha ritani ya mwaka, faini ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kubwa kati ya hizo mbili. Kwa kampuni ni Sh20,000 au asilimia 5. Ukichelewesha ritani ya PAYE ya wafanyakazi, ni Sh10,000 au asilimia 25. Halafu ushuru ambao hujalipa unaongezewa riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Hebu pia tuzungumzie hawa vijana wanaosajili kampuni kwa simu kwenye eCitizen kwa sababu neno "Limited" linapendeza kwenye bango. Ukisajili jina la biashara tu, wewe na biashara ni kitu kimoja, na unatumia PIN yako mwenyewe. Ukisajili kampuni, umezaa mtu mwingine mbele ya sheria. Ana PIN yake na ritani yake ya kila mwaka, hata kama hajauza chochote. Ukimwacha miaka mitatu bila kujaza, utakuta faini zinakungoja siku unayotaka kuomba zabuni. Mhasibu mzuri angekuuliza kabla hujasajili: kampuni unaihitaji ya nini?

Je, kila biashara inahitaji mhasibu? Hapana, na yeyote anayekuambia hivyo anakuuzia huduma. Kama unauza chini ya Sh1 milioni kwa mwaka, huna mfanyakazi, na pesa zako zote zinapitia namba moja ya tili, unaweza kujitunzia hesabu mwenyewe. Nunua daftari, au tumia jedwali kwenye simu. Kila jioni andika ulichouza, ulichonunua na ulichochukua nyumbani. Weka risiti, kwa sababu sheria ya ushuru inataka rekodi zitunzwe miaka mitano. Juni ikifika, jaza ritani yako mwenyewe, au nenda katika kituo cha Huduma usaidiwe. Huo uzoefu utakufaa hata siku utakapomwajiri mtu, maana utajua kama anakuzungusha.

Unaanza kuhitaji mtu mambo haya yanapotokea: mauzo yamepita Sh1 milioni, ambapo ushuru wa mauzo unaanza kukuhusu; yanakaribia Sh5 milioni, ambapo unatakiwa kujisajili kwa VAT; umeajiri mtu na unatakiwa kukata PAYE, SHIF, NSSF na ada ya nyumba; umesajili kampuni; au unataka mkopo wa benki ama zabuni ya serikali. PAYE inadaiwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT na ushuru wa mauzo kufikia tarehe 20. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti kununua nyanya hawezi kukumbuka tarehe zote hizo peke yake.

Ukishafika hapo, anza na karatasi za mtu kabla ya maneno yake. Kenya haikosi watu wanaojiita wahasibu. Kuna aliyesoma somo la biashara chuoni, aliyefanya mitihani ya KASNEB akaishia katikati, aliyemaliza CPA, na aliyemaliza kisha akasajiliwa na ICPAK, taasisi ya wahasibu nchini. Wote wanaweza kukuandikia vitabu. Lakini anayeruhusiwa kukagua hesabu zako na kutia sahihi ni mwanachama wa ICPAK mwenye leseni ya kufanya kazi hiyo. Tovuti ya taasisi hiyo ina orodha; tafuta jina lake. Na anayekushughulikia mbele ya KRA kama wakala wa ushuru anafaa kuwa na leseni ya uwakala. Kwenye iTax kuna sehemu ya kuhakiki mawakala bila malipo. Ni kazi ya dakika tano.

Mbona leseni iwe muhimu hivyo? Si kwa sababu mwenye leseni hawezi kuiba. Mwenye leseni akikuharibia kazi, una mahali pa kupeleka malalamiko, na ana kitu cha kupoteza. Yule wa "nipigie tu, mimi ni mhasibu" akizima simu, umebaki na namba isiyopatikana.

Karatasi zikiwa sawa, mpe mtihani. Muulize swali moja: biashara yangu ibaki kwenye ushuru wa mauzo, au nihamie ushuru wa kawaida wa mapato? Asipokuuliza faida yako ni asilimia ngapi kabla ya kujibu, shukuru kwa chai uondoke.

Hesabu yenyewe ni hii. Tangu Julai 2023, ushuru wa mauzo ni asilimia 3 ya mauzo yote, kwa biashara inayouza zaidi ya Sh1 milioni hadi Sh25 milioni kwa mwaka. Hautazami faida. Sheria inakuruhusu kuuandikia uongozi wa KRA ukiomba kutozwa ushuru wa kawaida badala yake, ambao unatozwa faida.

Chukua mwenye duka la unga na sukari Kayole anayeuza Sh3 milioni kwa mwaka. Faida kwenye bidhaa hizo ni ndogo. Tuseme baada ya gharama zote anabaki na asilimia 5, yaani Sh150,000. Ushuru wa mauzo ni Sh90,000. Amebaki na Sh60,000 kwa jasho la mwaka mzima. Kwa ushuru wa kawaida, kama hana mapato mengine, Sh150,000 inatozwa asilimia 10, yaani Sh15,000, na unafuu wa kibinafsi wa Sh28,800 kwa mwaka unaifuta yote. Halipi kitu. Anachohitaji ni vitabu safi na ankara za eTIMS za kuthibitisha gharama zake.

Sasa chukua kinyozi wa Umoja anayeingiza Sh1.5 milioni kwa mwaka. Gharama yake ni kodi ya chumba, stima na mafuta ya nywele, kwa hivyo anabaki na Sh900,000. Ushuru wa mauzo ni Sh45,000. Akihamia ushuru wa kawaida, kwa viwango vilivyoanza 2023, hesabu inafika Sh207,400, ukiondoa unafuu inabaki Sh178,600. Huyu akishauriwa ahame ushuru wa mauzo, amepigwa mchana.

Biashara mbili za mtaa mmoja, na jibu sahihi la mmoja ni sumu kwa mwingine. Hiyo ndiyo kazi unayomlipa mhasibu. Kubonyeza kompyuta unaweza mwenyewe.

Swali la pili la kumuuliza: "Utanipa nini kila mwezi?" Anayetaja ritani pekee ni mjazaji wa fomu. Mhasibu atakuambia kwamba kila mwezi utapata karatasi moja inayoonyesha mauzo, gharama, faida, nani anakudai na nani unamdai. Na ataketi nawe akueleze kwa lugha unayoielewa. Akianza kukurushia maneno makubwa ya Kizungu ili ujione mjinga, jua akili yake anaitumia kukuficha. Mtu anayeelewa kazi yake anaweza kumweleza hata nyanya yake kule kijijini.

Swali la tatu: "Tofauti kati ya pesa za tili na mauzo utaijuaje?" Kwenye tili yako ya M-Pesa huingia pesa za wateja, lakini pia mchango wa chama, mkopo wa rafiki na pesa ambazo mamako ametuma umlipie fundi. Mhasibu makini atakuambia tenganisha laini ya biashara na ya kwako kuanzia leo. Asiyejali atachukua jumla ya taarifa ya M-Pesa aiite mauzo, ulipe ushuru wa pesa za matanga.

Kuna maneno ambayo ukiyasikia unafaa kuvaa viatu. La kwanza ni "najua mtu KRA". Mtu anayekuuzia kujuana leo, kesho atakuuza wewe. La pili ni "nitakutafutia ankara upunguze VAT". Hizo ni ankara hewa za ununuzi ambao haukufanyika. KRA imekuwa ikiwaandama wanaozitumia, na jina litakalokuwa kwenye ritani ni lako. La tatu ni "nitumie pesa za ushuru kwa namba yangu nikulipie". Malipo ya ushuru hutolewa hati yenye namba ya malipo kwenye iTax. Mhasibu aitengeneze, akutumie, ulipe mwenyewe, ubaki na risiti. Ada yake umlipe kando.

Hapo ndipo tunafika kwa paswadi. Hakikisha barua pepe na namba ya simu iliyo kwenye akaunti yako ya iTax ni yako, wala si ya mhasibu, si ya saiba, si ya binamu aliyekusaidia kufungua PIN mkiwa Kidato cha Nne. Anayeshika barua pepe hiyo ndiye anayeweza kubadilisha paswadi. Kuna watu leo hawawezi kumfuta mhasibu kwa sababu mlango wa nyumba yao umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake. Wakala halali anaweza kuongezwa kwenye akaunti yako kwa njia rasmi na kuondolewa mkiachana. Akisema lazima apewe paswadi na barua pepe ndipo afanye kazi, mwulize ni kwa nini.

Mkikubaliana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: atafanya kazi gani, kufikia tarehe ngapi, kwa ada gani, nani atalipa faini ikiwa ucheleweshaji umetoka kwake, na mkiachana atarudisha stakabadhi zako ndani ya siku ngapi. Huo mkataba haubadilishi deni lako kwa KRA, lakini unakupa msingi wa kumdai yeye. Mtu anayekataa kuandika ada ya mwezi mmoja hafai kuandikiwa siri za biashara yako.

Wengine huniuliza, si afadhali kwenda kwa kampuni kubwa zenye majina? Deloitte, PwC, KPMG na EY ni kampuni za maana, lakini zimejengwa kuhudumia benki, mashirika na viwanda. Duka lako la viatu likiingia pale litakuwa faili ya mwisho kabatini. Tafuta ofisi ndogo yenye leseni ambayo ina wateja watatu au wanne wa biashara inayofanana na yako, kisha ongea na hao wateja ukiwa peke yako. Waulize mambo mawili tu: huyu mtu hushika simu tarehe 19? Na amewahi kukuambia jambo ambalo hukutaka kusikia? Mhasibu anayekubali kila unachosema hana faida kwako.

Najua pingamizi itakayokuja: hizi pesa za mhasibu zitoke wapi na uchumi ni huu? Ni swali la haki. Hasla hawezi kulipa kama shirika. Lakini kuna njia. Wafanyabiashara watano au sita wa jengo moja, au chama kimoja, wanaweza kwenda kwa ofisi moja na kujadiliana bei kama kundi, kila mmoja na mkataba wake. Pia unaweza kugawa kazi: umlipe kijana aliyesoma uhasibu akuandikie vitabu kila wiki, kisha mwenye leseni apitie kila baada ya miezi mitatu na kushughulikia ritani. Nchi hii imejaa vijana wenye vyeti vya KASNEB na digrii za biashara wanaozunguka na bahasha, na imejaa biashara za vijana zisizo na vitabu. Hawa wawili wanaishi ploti moja na hawajakutana.

Kwa hilo, lawama haziwezi kubaki kwa wenye biashara pekee. Serikali iliweka wazi tangu 2013 kwamba asilimia 30 ya zabuni zake ni za vijana, wanawake na walemavu. Jambo zuri. Lakini huwezi kuipata bila cheti cha KRA kinachoonyesha huna deni la ushuru wala ritani iliyokwama. Kijana anapewa mlango, halafu hapewi ngazi. ICPAK na serikali za kaunti zingeweza kuweka meza ya ushauri wa hesabu sokoni, Gikomba, Kongowea, Kibuye, hata siku moja kwa mwezi, na wahasibu wachanga wakahesabiwa saa hizo kama mafunzo yao ya kazi. Tunawafundisha watu jinsi ya kulipa ushuru kwa matangazo ya redio, ilhali wanachohitaji ni mtu wa kuketi nao na daftari.

Wakati tukingoja hayo, uamuzi uko mikononi mwako. Wiki hii, kabla ya kumtafuta mhasibu yeyote, ingia kwenye iTax utazame mambo matatu: barua pepe iliyosajiliwa ni ya nani, ni aina gani za ushuru zimewekwa kwenye PIN yako, na kama kuna ritani ambayo haijajazwa. Ukikuta deni, usijifiche. Deni la ushuru halizeeki likafa, linazaa. Ukikuta uko sawa, anza kuuliza majina ya wahasibu sasa, wakati hakuna anayekukimbiza.

Mteja anayeenda kwa mhasibu Machi huulizwa maswali na kupewa ushauri. Anayeenda Juni 30 saa tano usiku hupewa sufuri.